Kaskazini Si Mahali pa Adhabu

Kuna kitisho kimoja ambacho kila mtumishi wa umma katika Kenya amepata kukisikia. Karani akichelewa kazini, mkubwa wake humwambia, "Angalia, utapelekwa Mandera." Askari akibishana na ofisa wake huambiwa kwamba Lokitaung kuna nafasi. Mwalimu akigombana na mwalimu mkuu, Turkana hutajwa kabla ya mkutano kwisha. Watu hucheka, maana kitisho hiki kimezoeleka hata kimekuwa mzaha. Mimi sicheki tena. Nataka kusema katika kurasa hizi kwamba mzaha huo ndio mzizi wa ugonjwa tuliojaribu kuutibu kwa fedha na kwa amri miaka mingi bila kufaulu. Ni ugonjwa wa nchi pana, zenye watu na mifugo na watoto wenye akili kama watoto wa mahali pengine popote, ambazo hazipati walimu, wauguzi, madaktari na mainjinia wa kutosha, na zikiwapata hazikai nao.

Wewe unayesoma maneno haya darasani u karibu kuwa mmoja wa watu ninaowazungumza. Miaka michache ijayo utakuwa na cheti mkononi, na mtu fulani katika ofisi fulani atashika kalamu aandike mahali utakapokwenda. Basi nisikilize kama mtu ambaye neno hili linamhusu.

Kitisho hicho hakikuzaliwa juzi. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria mwaka 1902 ya kuzifunga wilaya za mbali, na kwa sheria hiyo Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikawa nchi ambayo mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka pasipo kibali. Ilipotaka kuwatupa watu iliowaogopa, ilijua pa kuwatupa. Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alikamatwa mwaka 1950 akawekwa kizuizini Lokitaung, kisha Maralal na Dol Dol, hata mwaka 1961. Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai na Kung'u Karumba walihukumiwa Kapenguria mwaka 1953 wakapelekwa huko huko Lokitaung. Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar, na mwaka 1961 akapelekwa Maralal kabla ya kufunguliwa. Mkoloni aliihitaji nchi ile kwa umbali wake na jua lake. Shule na hospitali hazikuwa na nafasi kubwa katika hesabu yake.

Mtu angetarajia kwamba viongozi waliolala katika vibanda vya Lokitaung ndio wangekuwa wa kwanza kuifuta fikira hiyo. Haikuwa hivyo. Waraka Namba 10 wa mwaka 1965, ulioeleza siasa ya ujamaa wa Kiafrika katika Kenya na namna ya kuipanga nchi, ulisema wazi kwamba fedha za maendeleo zitiwe mahali zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye njia na nguvu za umeme, na penye watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Mimi si mwepesi wa kuwalaumu watu waliokabidhiwa nchi changa yenye mfuko mdogo, na hoja yao ilikuwa na akili ndani yake. Lakini aliyekuwa na njia akaongezewa njia, na asiyekuwa nayo akaambiwa angoje. Sehemu za kaskazini mashariki zilikaa chini ya sheria za hali ya hatari tangu wakati wa uhuru hata mwaka 1991, kwa hiyo ofisa kijana aliyepelekwa huko katika miaka hiyo alikwenda kama mlinzi wa mpaka zaidi kuliko mjenzi wa nchi. Serikali ikiisha kusadiki kwamba mahali fulani hapazai, hapana ajabu watumishi wake wakisadiki kwamba kupelekwa huko ni kuzikwa.

Sasa hapana budi nijitaje mwenyewe, maana si haki kuwanyoshea wengine kidole nami nimeficha mkono. Nilizaliwa Taita. Nilihitimu chuo cha ualimu mwaka 2012, na mwaka uliofuata nikaomba kazi katika kaunti ya Turkana. Nisijivike sifa nisiyostahili: sikuomba huko kwa kuwapenda Waturkana. Nafasi za kwetu zilikuwa zimejaa, na wahitimu walionitangulia kwa miaka mitano walikuwa bado wanangoja. Huko kulikuwa na nafasi kwa sababu hakuna aliyezitaka. Walimu wengi vijana hufanya hivyo hata leo. Huingia kazini kwa mlango wa kaskazini, na siku wanayopata barua ya ajira ndiyo siku wanayoanza kuwaza barua ya uhamisho.

Shule niliyopewa ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa lori kutoka Lodwar. Walimu tulikuwa watano kwa madarasa manane. Watatu tulikuwa wageni na wawili wenyeji. Nyumba yangu ilikuwa chumba kimoja cha bati, na mchana haikukalika. Maji yalichotwa katika mto mkavu, mahali ambapo wanawake walichimba mchanga hata wakazama mabega. Simu ilipata mtandao juu ya kilima kimoja tu, na jioni ungetuona wageni tumesimama huko, kila mmoja na upande wake, tukizungumza na watu wa kwetu. Wanafunzi walituita kwa lugha yao jina ambalo sikulielewa kwa muda mrefu. Baadaye niliambiwa maana yake ni watu wa kilimani. Nilicheka nilipolisikia, na usiku ule sikulala vizuri.

Hayo yote yalivumilika, na nataka hili lieleweke vema. Joto huzoeleka. Mchanga huzoeleka. Chakula hupatikana, na watu wa Turkana ni wakarimu kwa mgeni kupita watu wengi niliopata kukaa nao. Mambo mawili hayakuzoeleka. La kwanza lilikuwa daftari la mahudhurio la darasa la sita. Nilipolipokea niliona kwamba kwa mwaka uliotangulia lilikuwa limejazwa kwa hati za mikono minne. Walimu wanne wa darasa kwa mwaka mmoja! Wa kwanza alikuwa na hati nzuri ya kulala, akaishia Machi. Wa pili alijaza majuma matatu. Watoto wale walikuwa wamefundishwa sehemu za hesabu mara nne, kila mara kutoka mwanzo, na kugawanya kwa desimali hawakufundishwa hata mara moja, kwa sababu hakuna mwalimu aliyedumu hata akafika ukurasa huo. Wakaguzi waliandika kwamba watoto wa eneo hilo ni wazito wa hesabu.

La pili lilikuwa kuhusu kazi yangu mwenyewe. Katika mwaka wa pili niliitwa kwa barua kwenda kuhojiwa juu ya kupandishwa cheo. Barua ilitoka katika ofisi, ikakaa katika ofisi nyingine, ikapakiwa katika lori, ikanifikia majuma matatu baada ya siku ya mahojiano. Niliandika kueleza. Sikujibiwa. Mwenzangu niliyesoma naye, aliyekuwa akifundisha mjini, alipata cheo kile mwaka ule ule. Hakuwa mwalimu bora kuliko mimi, nadhani hata yeye atakubali. Alikuwa karibu na mlango tu. Na hapakuwa na mtu wa kunifundisha. Fundi asiye na fundi mkubwa wa kumtazama hupungua mwaka hata mwaka, kama kisu kinachotumika bila kunolewa. Nilihisi napungua.

Mwaka wa tatu kamati ya shule ilikutana ili kuzungumza juu ya choo cha walimu, ambacho kilikuwa kimetitia. Wazazi walikuwa tayari kuchanga mbuzi wauzwe. Mzee mmoja akasimama, akasema kwa kinywa cha mkalimani, "Mwalimu, usinione mkaidi, mwanangu. Nauliza neno moja tu. Choo hiki tukikijenga, utakitumia wewe au atakitumia mwingine?" Watu walinyamaza. Nilijibu kwa maneno mengi, jambo ambalo ni dalili ya mtu asiye na jibu. Agosti ya mwaka ule, 2016, niliondoka. Nilikuwa nimetia sahihi ya kukaa kituo kile miaka mitano. Nilitumia cheti cha daktari kilichosema nina maradhi ya tumbo. Maradhi nilikuwa nayo kweli, ila hayakuwa makubwa kama nilivyoacha watu wayadhanie.

Basi nikizungumza juu ya watumishi wanaokimbia, nazungumza kama mmoja wao.

Watu wa kwanza ninaoshindana nao ni wale wanaodhani kwamba ugonjwa huu hutibiwa kwa fedha peke yake. Husema, "Waongezeni marupurupu ya mazingira magumu, nao watakaa." Nilipokea marupurupu hayo kila mwezi, nikayashukuru, na wala sitaki mtu ayaondoe. Lakini tazama yanavyofanya kazi. Ni malipo ya kuvumilia. Mtu anayelipwa ili avumilie huhesabu siku, na akiisha kukusanya za kutosha kununua kiwanja kwao, amemaliza alilokujia. Tena fedha hizo hulipwa kwa sababu mahali ni pabaya, kwa hiyo kila anayezipokea ana faida katika ubaya wa mahali. Kila mara serikali inapotaka kuipunguza orodha ya sehemu ngumu kwa hoja kwamba barabara imefika na umeme umefika, vyama vya wafanyakazi huja juu kutetea ugumu kana kwamba ni mali ya urithi. Siwalaumu, maana hutetea unga wa wanachama wao. Nasema tu kwamba fedha ile ile ingaliweza kumjengea mwalimu nyumba ya mawe yenye tangi la maji, na nyumba haiondoki na mwalimu akiondoka.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 204, iliweka mfuko wa kusawazisha, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Ni shauri jema, na barabara kuu kutoka Isiolo hadi Moyale, iliyotiwa lami katika miaka ya 2010, imebadili maisha ya watu kuliko hotuba mia. Walakini kituo cha afya ni kuta. Tangu mwaka 2013, afya ilipokabidhiwa kaunti, zahanati nyingi zimejengwa, na baadhi yake zimepakwa rangi, zikafunguliwa kwa ngoma, kisha zikafungwa kwa kufuli, maana muuguzi hakupatikana. Au alipatikana mmoja, na akienda likizo ya uzazi zahanati nayo huenda likizo.

Watu wa pili ni wapenzi wa amri. Hawa husema kijana aliyesomeshwa kwa fedha za umma alazimishwe kukaa. Wana haki nusu. Taifa lina haki ya kumwagiza mtumishi wake, na mimi niliyetia sahihi yangu na kuivunja sina uso wa kusema vingine. Lakini amri huleta mwili. Nimeona walimu waliokaa miaka yao mitano wakiwa wamekwisha kuondoka katika mwaka wa kwanza: waliingia darasani wamechelewa, wakatoka mapema, na kila mwisho wa mwezi walikuwa mjini siku nne kwa ajili ya mshahara. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Walijua pia kwamba kuku aliyefungwa kamba hatagi vizuri. Akitaga, hutaga vichakani.

Kuna jambo la tatu ambalo si fedha wala amri, na ningekuwa mwongo kulipita. Ni damu. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilisimamishwa na wauaji wa Al-Shabaab, wakatengwa abiria wasio Waislamu, wakauawa watu 28, na wengi katika hao walikuwa walimu waliokuwa wakirudi kwao kwa likizo ya Krismasi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa, na baada ya hapo Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawaondoa walimu wasio wenyeji katika sehemu nyingi za Garissa, Wajir na Mandera. Hakuna mtu mwenye moyo atakayemwambia mwalimu arudi mahali alipozikia wenzake, kwa ajili ya hotuba ya uzalendo. Walioondoka walikuwa na haki.

Lakini fikiri nami juu ya yule aliyebaki. Mtoto wa Wajir alibaki. Kwake hapakuwa na uhamisho. Shuleni alibaki na mwalimu mwenyeji mmoja au wawili, na kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, asiye na mafunzo, anayelipwa na wazazi. Viongozi wa huko walilalamika kwamba watoto wameadhibiwa kwa makosa ya wauaji, na malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Walakini tukio hilo lilifunua jambo lililokuwako kabla ya risasi ya kwanza. Zaidi ya miaka hamsini baada ya uhuru, nguzo za shule za huko zilikuwa bado ni watu waliokopwa kutoka mbali. Mwenye kukopesha alipoomba mali yake, nyumba iliinama.

Ndipo nafika kwenye neno langu lenyewe. Nchi isiyolea wataalamu wake yenyewe haitakuwa nao. Itaazima tu. Mgeni atakuja, na mimi namtaka aje, nitaeleza kwa nini. Lakini hawezi kuwa nguzo. Nguzo ni mtu ambaye kaburi la babu yake liko hapo.

Hayo si maono yangu peke yangu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mashauri yake mwaka 2010 juu ya namna ya kuwapata na kuwakalisha watumishi wa afya katika sehemu za mbali, miongoni mwa mashauri ya kwanza kabisa lilisema wachukuliwe wanafunzi waliokulia katika sehemu hizo, na wasomeshwe nje ya miji mikubwa. Na kama unadhani jangwa letu ni gumu kupita mahali pote, nikupeleke kaskazini nyingine. Mji wa Tromsø uko juu kabisa katika Norwei, na katikati ya majira ya baridi jua halichomozi huko kwa muda wa karibu miezi miwili. Kaskazini ya Norwei ilikosa madaktari kwa miaka mingi kama kaskazini yetu. Mwaka 1968 bunge lao liliamua kujenga chuo kikuu huko huko gizani, kikafunguliwa mwaka 1972, kikawa na shule ya udaktari iliyotenga sehemu ya nafasi zake kwa vijana wa kaskazini. Wengi wa vijana hao walipohitimu walibaki. Sidhani walikuwa wazalendo kuliko wenzao wa Oslo. Giza lilikuwa giza la kwao.

Wajapani nao, mwaka huo huo wa 1972, walianzisha chuo cha udaktari cha Jichi. Kila jimbo hupeleka vijana wake wachache, ada yao hulipwa, na wakihitimu huenda kutumikia jimbo lao kwa karibu miaka tisa, sehemu kubwa yake vijijini. Angalia tofauti ya sharti hili na lile nililotia sahihi mimi. Mjapani yule hufungwa kwao, mahali ambapo mama yake atampikia. Mimi nilifungwa mahali ambapo sikujua hata jina nililoitwa.

Hapa najua nitapingwa, na pingamizi lina uzito. Watasema, "Vijana wa kaskazini hawana alama za kuingia vyuoni. Ukiwachukua wao, utashusha kiwango." Jambo hili lilipigania njia mwaka 2018, wizara ya elimu ilipoagiza alama za kuingilia vyuo vya ualimu zipunguzwe kwa wanafunzi wa kaunti zilizoachwa nyuma, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikakataa. Pande zote mbili zilinikera. Upande mmoja ulitaka mtoto wa mfugaji apewe mwalimu dhaifu kisha aambiwe amesaidiwa. Upande wa pili ulitetea kiwango kana kwamba mtoto asiye na mwalimu kabisa ana kiwango chochote. Hakuna aliyesimama kuuliza kwa nini alama zile zilikuwa chini. Zilikuwa chini kwa sababu ya lile daftari lenye hati nne! Kijana aliyefundishwa sehemu mara nne na desimali sifuri hufika kidato cha nne na alama ya chini, naye hunyimwa chuo kwa alama hiyo. Basi shule ya kwao hukosa mwalimu mwenyeji, huletewa mgeni, mgeni huondoka, na daftari hupata hati ya tano.

Duara hili halikatwi mlangoni pa chuo. Hukatwa chini zaidi. Mchukue kijana mwenye akili na alama ya chini, umpe mwaka mzima wa kufundishwa upya hesabu na lugha na walimu hodari, umlipie ada na chakula, kisha umpime kwa kipimo kile kile cha wengine. Wengi watafaulu. Wasiofaulu wasifundishe. Anza na wasichana, maana msichana wa Marsabit au Samburu aliyefika kidato cha nne amekwisha kushinda vita ambavyo mvulana hakupigana. Na muuguzi mwanamke anayeijua lugha ya wazazi wenye uchungu ni dawa kabla hajafungua sanduku la dawa. Garissa kina chuo cha ualimu, na kina chuo kikuu kilichofungua milango yake tena mwaka 2016 baada ya msiba ule, kikapewa hati kamili mwaka 2017. Vyombo vipo. Vikae na wakufunzi bora, si wale waliotumwa huko kwa adhabu.

Wengine watasema mwenyeji naye hukimbia. Ni kweli. Wako madaktari wazaliwa wa Turkana wanaotibu Nairobi, na mimi sina ruhusa ya kuwahukumu. Mtoto wa Lodwar hana deni kwa Lodwar kubwa kuliko deni la mtoto wa Taita kwa Taita. Wote hawatabaki, na sidai wabaki. Lakini katika wenyeji kumi wanaobaki ni wengi kuliko katika wageni kumi, na hiyo ndiyo hesabu yote ninayoihitaji.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine. Husemwa kwamba kila kaunti ikifundishwa na watu wake, na kutibiwa na watu wake, taifa litakatika vipande, na mtoto atakua bila kumwona Mkenya wa kabila jingine isipokuwa amevaa bunduki. Naliogopa jambo hili kwa dhati. Yapo mambo ambayo watoto wa darasa la sita waliyapata kwangu, nao wakanipa, ambayo mwalimu wa kwao asingeweza kuyaleta. Waliimba nyimbo za Kitaita kwa matamshi ya kuchekesha. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kuhesabu mbuzi mia kwa kutazama mara moja, akamjua aliyepotea kwa rangi yake. Kwa hiyo nataka mgeni aje. Lakini aje kwa hiari, kwa muda unaojulikana, akiwa wa pili katika nyumba yenye nguzo. Na miaka yake huko ihesabiwe mara mbili atakapoomba cheo au nafasi ya masomo, si kusahauliwa katika lori. Mwenye ndoa aajiriwe pamoja na mwenziwe, maana nusu ya walimu niliowaona wakiondoka hawakuikimbia Turkana. Waliwafuata wake zao, na mmoja mumewe. Na ofisi zinazohamisha watu kwa kuwakomoa zikome. Mtumishi mbaya ni mbaya hata Lodwar. Mnapompeleka huko kama adhabu, aliyeadhibiwa ni mtoto atakayekaa mbele yake.

Mimi sasa nafundisha kwetu, karibu na mji, katika shule yenye maji ya bomba. Mwalimu mwenzangu wa kule, mmoja wa wale wenyeji wawili, huniandikia mara kwa mara. Siku hizi mtandao hufika hata chini ya kilima. Alisoma kwa likizo, akapata stashahada kwa fedha zake mwenyewe, na sasa ni naibu wa mwalimu mkuu. Mwaka jana darasa la sita lilimaliza desimali mwezi Mei. Niliwahi kumwuliza juu ya kile choo. Akajibu kwamba kilijengwa mwaka uliofuata kuondoka kwangu, kwa mbuzi kumi na wanne, na kwamba mzee yule ndiye aliyetoa watatu wa kwanza, alipokwisha kuhakikishiwa nani atakitumia.